Utawala Ukianguka, Daftari Hubaki

Hotuba iliyotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu, masheha (viongozi wa shehia, yaani vijiji na mitaa), wanafunzi na wazee. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu mliokaa mbele, mabwana na mabibi masheha, walimu wa skuli zetu, akina mama mlioko nyuma, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: nakushukuruni kwa kuja.

Nina swali. Utawala wa mabavu unapoanguka, ni kitu gani hasa kinachoanguka? Picha ya mkubwa hushushwa ukutani. Jina la barabara hubadilishwa. Watu hutoka nje, wakaimba, wakalia, wakakumbatiana. Asubuhi ya pili yake mama mmoja anakwenda afisini kuulizia kiwanja cha marehemu mumewe. Karani ni yule yule. Meza ni ile ile. Daftari linalofunguliwa ni lile lile, na jina lake halimo. Jana halikuwamo, na leo halimo.

Hilo ndilo nililokuja kulisema. Utawala huweza kuanguka kwa usiku mmoja, lakini daftari hubaki: daftari la ardhi, daftari la mishahara, daftari la mgao, daftari la wanaosaidiwa, na yale mafaili ya siri yaliyofungiwa chumba cha nyuma. Umasikini wa watu walioonewa umeandikwa humo. Nchi inayotaka kujijenga upya haina njia ya mkato; lazima ilifungue kila daftari na kuuliza: nani kaandikwa? Nani hakuandikwa? Na aliyeandika ni nani?

Nianze na mafaili ya siri, kwa sababu hayo ndiyo yanayokufa mwanzo.

Ujerumani Mashariki ilikuwa na idara ya usalama ambayo watu wakiiita Stasi. Ukuta wa Berlin ulifunguliwa Novemba 1989. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Disemba, wakaazi wa mji wa Erfurt waliona moshi unatoka kwenye dohani za jengo la Stasi. Hapana aliyehitaji kuelezwa kinachochomwa. Wanawake ndio walioanza, wengine wakafuata, wakaingia ndani na kutaka makabati yafungwe kwa lakiri mbele ya macho yao. Miji mingine ikaiga, na tarehe 15 Januari 1990 umma ukaingia makao makuu Berlin. Huko makarani walikuwa wakichana karatasi kwa mashine, na mashine zilipoelemewa wakachana kwa mikono. Vipande vilijaa mifuko kama 16,000. Kwa miaka mingi watu wamekaa kuviunga kwa mkono, kipande kwa kipande, na mifuko waliyoimaliza ni mia chache tu.

Lakini yaliyosalimika yalikuwa mengi zaidi. Ukiyapanga kwenye rafu kwa mstari mmoja, yanakwenda kilomita 111. Kisiwa chetu hiki, kutoka ncha ya Kigomasha hadi kusini kabisa, hakifiki kilomita 70.

Wakayafanyaje? Mwishoni mwa 1991 Bunge lao lilipitisha sheria kwamba kila raia ana haki ya kusoma faili lake. Unajaza fomu, unathibitisha kuwa wewe ndiye, unaletewa faili ambalo majina ya walioonewa wengine yamezibwa ili siri zao zisitoke, lakini aliyekupeleleza una haki ya kumjua. Wako waliokuta ni jirani. Wako waliokuta ni mwalimu wao. Wako waliokuta ni mume wa ndoa. Iliwauma sana, lakini mtu aliyekosa kazi miaka ishirini bila ya kujua sababu, hatimaye akaiona sababu yake imepigwa chapa na kutiwa tarehe.

Sasa tugeukie Afrika Kusini. Mwaka 1993 mazungumzo ya kuuvunja ubaguzi yalikuwa yanaendelea mezani, na wakati huo huo makao makuu ya idara ya ujasusi yaliteketeza tani 44 za karatasi na filamu kwa muda wa miezi sita hadi minane. Tanuri moja lililotumika ni la kiwanda cha chuma cha Pretoria. Nje ya tanuri lile hawakusimama wanawake wa Erfurt.

Kwa hivyo Tume ya Ukweli na Maridhiano, chini ya Askofu Mkuu Desmond Tutu, ilipokaa kusikiliza watu kwa mara ya kwanza pale East London, Aprili 1996, ilitegemea zaidi midomo. Waliotenda maovu waliambiwa: sema yote, onyesha kuwa ulitenda kwa sababu za kisiasa, na unaweza kusamehewa kisheria. Zaidi ya 7,000 waliomba, na waliopewa ni 849. Mama akiuliza mwanangu mmemzika wapi, jibu limo kichwani mwa mtu, na mtu anaweza kusema sikumbuki. Karatasi haina uwezo wa kusema sikumbuki. Ndiyo maana huchomwa.

Na kuna jambo la pili katika tume ile, ambalo masheha nawaomba mlisikilize vizuri. Tume ilipokea maelezo ya walioumizwa zaidi ya 21,000. Ikapendekeza walipwe kidogo kidogo kila mwaka kwa miaka sita. Serikali ikakaa hadi 2003, halafu ikatoa mkupuo mmoja wa randi 30,000, tena kwa wale tu ambao majina yao yamo katika orodha ya tume. Orodha ilikuwa imeshafungwa. Bibi wa kijijini aliyekosa habari, au aliyekosa nauli, au aliyekuwa bado anaogopa kusema, hakupata. Walioonewa walikuwa na chama chao kiitwacho Khulumani, maana yake kwa Kizulu ni "semeni". Chama hicho kikaandika makumi ya maelfu ya majina mengine, na orodha ikabaki imefungwa. Mnaona, ndugu zangu? Hata daftari la haki hudhulumu, likiwa na siku ya mwisho ambayo mnyonge hakuijua.

Sisi Wapemba tunazo tarehe zetu. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu zaidi ya 30 walipoteza maisha Pemba na Unguja wakati wa kuzimwa maandamano ya upinzani, na wengine kwa mamia wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Baadaye ukaja Muafaka wa 2001 kati ya vyama vya CCM na CUF, yakaja Maridhiano ya 2009, ikaja kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambapo zaidi ya asilimia 66 ya wapiga kura walikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Haya ni mambo makubwa, na waliokaa mezani kuyatafuta wanastahili shukurani zetu. Lakini nawauliza walimu: ni mwanafunzi gani wa darasa la kumi anayeweza kuwataja waliokufa kwa majina, kijiji kwa kijiji? Viti vya uwaziri vinagawika kwa siku moja. Majina ya marehemu hayajiandiki yenyewe, na walioshuhudia wanazeeka.

Daftari la mishahara sitalikalia sana, lakini silipiti. Iraki, Mei 2003, Saddam Hussein ameanguka. Tarehe 16 Marekani iliyokuwa ikitawala pale ikatoa amri namba moja: wenye vyeo vinne vya juu vya chama cha Baath waondolewe utumishini. Tarehe 23 ikatoka amri namba mbili: jeshi livunjwe. Nani aliyeandikwa katika vyeo vile? Wauaji walikuwamo, ndiyo. Lakini walikuwamo pia maelfu ya walimu, kwa sababu katika nchi ile kupanda cheo cha chama ndiko kulikompatia mtu kazi na nyongeza ya mshahara. Na askari? Watu laki tatu na zaidi walirudi nyumbani bila ya mshahara, wanajua kutumia silaha, na silaha zimezagaa maghalani bila ya mlinzi. Posho walikuja kuahidiwa baadaye, baada ya kuandamana. Damu iliyofuata mnaijua.

Sisemi kwamba waovu waachwe kazini. Nasema wachujwe mmoja mmoja, faili moja moja. Kenya walipopitisha Katiba mpya mwaka 2010, waliona watu hawaziamini mahakama. Hawakuwafukuza majaji wote, wala hawakuwaacha wote. Waliunda bodi ya uchunguzi, humo wakatia na majaji watatu kutoka nje ya nchi ili undugu na ukabila usiamue. Kila jaji akaitwa, akaulizwa kuhusu hukumu zake, mali zake na malalamiko ya wananchi, akajitetea, na uamuzi ukaandikwa kwa sababu zake. Aprili 2012 ikatoka ripoti ya mwanzo: kati ya majaji tisa wa Mahakama ya Rufaa, wanne hawafai. Kazi kama hii ni ya polepole na yenye gharama, lakini anayeondoka anajua kaondolewa kwa lipi, na anayebaki anabaki na heshima yake.

Sasa ardhi. Hapa nitakaa, na mniwie radhi.

Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 1913 iliyowafungia weusi, wengi wa wananchi, katika asilimia 7 tu ya ardhi, na mwaka 1936 ikapandishwa kuwa kama 13. Huo ndio mzizi wa umasikini wa pale. Ubaguzi ulipoondoka 1994, Serikali mpya ikaahidi kugawa upya asilimia 30 ya ardhi ya kilimo ndani ya miaka mitano. Miaka mitano ikapita. Tarehe ikasogezwa hadi 2014, nayo ikapita. Kwa nini?

Sikilizeni hesabu. Serikali ilisema haitamnyang'anya mtu. Atakayetaka kuuza auze, atakayetaka kununua anunue, na kila kaya masikini itapewa ruzuku ya randi 15,000, baadaye 16,000. Lakini mashamba yalikuwa makubwa na bei yake ni kubwa. Kaya moja na randi zake 16,000 haiwezi kununua hata kona ya shamba. Ikabidi kaya makumi kwa makumi zichanganye ruzuku ili zinunue shamba moja. Watu ambao hawajawahi kuishi pamoja wakawa wenye mali wa pamoja, wakachagua kamati. Pesa yote ikaishia kwenye bei ya ardhi. Ya mbegu haipo, ya trekta haipo, ya kutengeneza pampu ya kisima haipo. Wanaokaa karibu na maji wakabaki, wanaokaa mbali wakarudi mjini kuuza nyanya barabarani. Na mara nyingine kamati ilimkodisha shamba mwenyewe yule yule aliyeliuza. Jina katika daftari lilibadilika. Maisha hayakubadilika.

Na wale waliokuwa wakidai ardhi waliyonyang'anywa? Waliwekewa siku ya mwisho, tarehe 31 Disemba 1998, na madai kama 80,000 yakapokelewa. Mfano wake unaonigusa zaidi ni mtaa wa District Six, Cape Town. Ulikuwa mtaa wa mchanganyiko, Waislamu na Wakristo nyumba kwa nyumba, kama Mji Mkongwe ulivyokuwa na makabila yake. Tarehe 11 Februari 1966 Serikali ikautangaza kuwa wa wazungu. Watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kupelekwa kwenye uwanda wa mchanga mbali na mji, na nyumba zao zikasawazishwa kwa tingatinga. Misikiti na makanisa vikaachwa vimesimama. Fikirini hali hiyo. Unatoka mbali siku ya Ijumaa, unashuka basi, unapita kwenye majani palipokuwa na nyumba ya mama yako, unaingia msikitini kusali, halafu unarudi ulikotupwa.

Tarehe 11 Februari 2004 wazee wawili, wote wamepindukia miaka 80, walikabidhiwa funguo za nyumba za mwanzo zilizojengwa upya. Miaka kumi baada ya kura ya uhuru, wazee wawili. Na sehemu kubwa ya eneo lile ilikuwa tupu, hapakuwa na wa kuhamishwa! Kilichochelewesha ni kujua nani alikuwa akikaa wapi. Sheria ilimkubali hata mpangaji, na ilifanya vyema, kwani wengi walikuwa wapangaji. Lakini mpangaji hana hati. Ana risiti ya kodi, kama hakuitupa, au jirani wa kumshuhudia, kama hajafa. Ndiyo maana nasema mashahidi waandikwe mapema. Ardhi hungoja, lakini mashahidi hawangoji.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya Serikali, na kuanzia 1965 wananchi wakagawiwa eka tatu tatu. Lilikuwa jambo kubwa, na mtu ambaye babu yake alikuwa akilima kwa hisani ya mwenye shamba halisahau. Lakini eka tatu zilitolewa kwa matumizi, hazikutolewa ziuzwe, na karatasi iliandikwa jina la mtu mmoja.

Basi tupige hesabu yetu. Mzee alipewa eka tatu. Kafariki, kaacha mjane na watoto wanane. Watoto wamezaa, wajukuu wamefika 40. Eka tatu ni mita za mraba 12,000 na kidogo. Ukizigawa kwa 40, kila mmoja ana mita 300, kiwanja cha nyumba moja bila ya nafasi ya mgomba. Karatasi bado iko kwa jina la marehemu, imekunjwa mara nne ndani ya sanduku, imetoboka kwenye mikunjo. Ardhi ni ya Serikali. Mikarafuu, kwa mila yetu ya kutenganisha mti na udongo, pengine mitatu ni ya ami aliyeipanda. Mmoja kesha kumuuzia mgeni kipande kwa karatasi ya mkono. Mjane ana thumuni yake kwa Qur'ani, lakini anayekwenda afisini kuzungumza ni kijana mkubwa wa kiume, na jina la mama halitajwi.

Madhara yake yako wapi? Yako shambani, mtu yeyote anaweza kwenda kuyaona. Mkarafuu huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa sawasawa, kisha ukazaa kwa miaka 60 na zaidi. Nani atapanda mti wa miaka 60 juu ya ardhi asiyoijua itakuwa ya nani mwakani? Atapanda muhogo. Muhogo unang'olewa, unaliwa, na ukiambiwa ondoka umepoteza msimu mmoja tu. Mikarafuu inazeeka, haipandwi mingine, na tunasema vijana wavivu. Vijana si wavivu. Wanalisoma daftari vizuri kuliko tunavyolisoma sisi.

Familia yenye eka tatu ifanye nini? Itafute ile karatasi, ipigwe picha na itolewe nakala kabla haijaoza. Iandike warithi wote, wa kike kwa wa kiume, aliyeko Unguja, aliyeko Mombasa, aliyeko Maskat, wala asirukwe mtu kwa sababu "yeye kaolewa mbali". Iende Mahakama ya Kadhi mirathi ipigwe, kila mtu apate sehemu yake kwa maandishi. Kisha ipite mpakani kwa miguu pamoja na majirani wa pande zote, asubuhi, wazee wakiwapo, na kila pembe itiwe alama isiyoondoka. Mipaka mingi hupotea kwa sababu mti wa mpaka ulikatwa kuni. Hesabu ya miti ya kila mmoja iandikwe mbali na hesabu ya ardhi. Hapo ndipo mtu aende kwa sheha na afisi ya ardhi, akiwa na kitu mkononi. Aliyeanza na afisi kabla ya familia, hukuta pingamizi ya ndugu yake inamngoja mlangoni.

Nije kwenye mgao wa nchi. Kenya, miaka miwili tu baada ya uhuru, ilitoa waraka wa Serikali namba 10 wa mwaka 1965. Waraka ule ulisema fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi. Maneno yanaonekana ya busara, sivyo? Lakini pale zitakapozaa zaidi ni palipokwisha kuwa na reli, mvua na barabara. Turkana, Mandera na Wajir, kaskazini kwenye ukame, zikaambiwa zingoje. Zikangoja chini ya marais watatu. Hapakuwa na haja ya kumchukia mtu wa kaskazini ili kumdhulumu. Ilitosha kuufuata waraka.

Katiba ya 2010 ikaunda kaunti 47 na kusema zisipewe pungufu ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ikaja kanuni ya kugawa, na nataka muisikie kwa nambari zake: asilimia 45 kwa wingi wa watu, 25 sawa kwa wote, 20 kwa kiwango cha umasikini, 8 kwa ukubwa wa eneo, na 2 kwa nidhamu ya fedha. Kwa kanuni hiyo Turkana, iliyokuwa mkiani, ikawa ya pili kwa mgao baada ya Nairobi. Hakuna waziri aliyeihurumia. Hesabu ndiyo iliyoihurumia, na hesabu haisahau baada ya uchaguzi.

Je, yote yalinyooka? Hayakunyooka. Rushwa nayo iligatuliwa. Kaunti zilijenga hospitali, lakini daktari hajengwi kwa saruji. Madaktari wa umma waligoma siku 100, kutoka Disemba 2016 hadi Machi 2017. Malawi walipata somo la namna hiyo mapema zaidi: baada ya Kamuzu Banda, rais wa miaka mingi, kushindwa uchaguzi, mwaka 1994 ada ya skuli ya msingi ikafutwa, na wanafunzi wakatoka milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 kwa mwaka mmoja. Walimu karibu 20,000 wakachukuliwa haraka kwa mafunzo ya wiki chache. Watoto zaidi ya mia darasa moja, chini ya mwembe. Walimu mliomo humu mnajua mtoto wa mia na moja anajifunza nini. Kuwaandikisha ilikuwa haki yao, na wangeandikishwa vyema zaidi kama walimu wangeanza kusomeshwa kabla ya ahadi kutolewa jukwaani.

Kwa hivyo tunapozungumzia Unguja na Pemba, tusiombe hisani. Tuombe kanuni. Iandikwe, isomwe barazani, tujue umasikini una asilimia ngapi na masafa yana asilimia ngapi.

La mwisho ni daftari la wanaosaidiwa. Brazili ilitawaliwa na wanajeshi kutoka 1964 hadi 1985, ikaachwa ni miongoni mwa nchi zenye pengo kubwa kabisa duniani. Mwaka 2003 waliunganisha misaada minne iliyokuwa imetawanyika, wakaita Bolsa Família. Nguvu yake ilikuwa katika daftari moja la kaya masikini za nchi nzima, lililojazwa na manispaa. Pesa iliingia kwenye kadi, na zaidi ya kadi tisa katika kumi zilikuwa kwa jina la mwanamke. Mtoto wa miaka 6 hadi 15 ahudhurie skuli asilimia 85 ya siku, na mdogo achanjwe. Majina ya wanaopokea yaliwekwa wazi, jirani aweze kusema: huyu ana gari. Yote hayo kwa gharama ya kama nusu ya asilimia moja ya pato la taifa, na pengo likapungua. Halikuzibika, kwa sababu daftari la pili halikuguswa: tangu 1996 gawio la wenye hisa halikuwa likitozwa kodi ya mapato, kwa miaka karibu thelathini. Ukimwongezea masikini bila ya kumuuliza tajiri, umefanya nusu ya kazi.

Hapa Zanzibar tunayo Pensheni Jamii. Ilianza Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, na baadaye ikaongezwa. Naisifu waziwazi, kwa sababu haimuulizi mzee ni masikini kiasi gani wala ni wa chama gani. Inauliza umri na ukaazi. Lakini umri na ukaazi huthibitishwa kwa kitambulisho, na kila uchaguzi tunasikia malalamiko yale yale ya watu kukoseshwa kitambulisho. Anayekikosa hakosi kura peke yake. Anakosa na pensheni.

Na bibi asiye na cheti cha kuzaliwa? Asirudishwe. Akae chini, aulizwe: siku ya Mapinduzi ulikuwa umeshavunja ungo? Ulikuwa umeolewa? Mwanao wa kwanza kazaliwa kabla au baada? Majibu yaandikwe kama alivyosema, na mwaka uliokisiwa uandikwe kuwa umekisiwa.

Masheha, hili liko mikononi mwenu, basi niseme linavyofanywa. Kila ukurasa wa daftari utiwe nambari kabla ya kuanza kuandika, ili ukichanwa ijulikane. Majina yote matatu yaandikwe, na pembeni tarehe na jina la aliyeandika. Kosa lipigwe mstari mmoja likiwa bado linasomeka, na litiwe sahihi. Usitumie wino wa kufutia. Aliyekataliwa aandikwe pia, na sababu ya kukataliwa iandikwe, kwa sababu dhuluma nyingi hufichwa kwa kutomwandika mtu kabisa. Orodha isomwe kwa sauti mara mbili: Ijumaa baada ya sala, na siku ya kliniki, kwani ukiisoma msikitini tu, nusu ya shehia haikusikia. Zitolewe wiki mbili za pingamizi, na pingamizi asiisikilize yule aliyeandika orodha. Dirisha lisifungwe moja kwa moja. Kila mwaka lifunguliwe tena kwa aliyekuwa safarini, mgonjwa, au aliyekuwa anaogopa.

Na nakala ziwe mbili. Mchwa na unyevu wa huku hawana chama. Ya pili iwekwe skuli, kwa mwalimu mkuu, ndani ya sanduku la bati, na isikae hata usiku mmoja jengo moja na ya kwanza.

Tumebakiwa na saa moja kabla ya Alasiri. Maswali tuanze na akina mama wa nyuma.